Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Stoo Uko kwa Nani?

Barua za mwezi huu zimetoka Jinja, Kampala, Arua na Masaka. Zote zinauliza juu ya kazi isiyosonga mbele, na juu ya anayestahili kubeba lawama inaposimama. Barua ya Jinja nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mwenyewe alikubali kufanya jambo ambalo viongozi wengi hulikwepa.

Mafundi wangu ni wavivu, niwafukuze?

Salamu kwako mwandishi. Mimi ni mama mwenye karakana ya kushona sare za shule hapa Jinja. Nina mafundi 14: mmoja hukata vitambaa, 12 hushona, na binti mmoja hutoboa matundu ya vifungo kwa mashine ya pekee tuliyo nayo kwa kazi hiyo. Nimepata agizo kubwa la mashati, na ili nilimalize kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Februari, natakiwa kutoa mashati 60 kwa siku. Hayazidi 40. Nimeweka faini ya shilingi 2,000 kwa anayefika baada ya saa mbili asubuhi, nimeweka faini kwa anayevunja sindano, nimeongeza na kazi ya usiku, lakini hali ni ile ile. Siku hizi mafundi wakiniona naingia wananyamaza. Je, niwafukuze wavivu niajiri wapya?
*Mama wa karakana, Jinja*

Mama, kabla ya kukujibu hapa nilikuandikia nikakuomba ununue daftari la kurasa 48, ukae siku nzima karibu na binti wa matundu ya vifungo, na uandike kila mara mashine yake iliposimama, ilisimama dakika ngapi na kwa sababu gani. Ulifanya hivyo, na ulifanya kwa uaminifu mkubwa, maana baadhi ya uliyoyaandika yanakugusa wewe mwenyewe. Kwa idhini yako nayaeleza hapa, kwa kuwa naamini karakana yako si ya peke yake.

Nilimchagua binti huyo kwa sababu kila shati linapita mikononi mwake. Shati la agizo lako lina vifungo 7, na kila tundu humchukua kama dakika moja tangu kuweka kitambaa mpaka kukata uzi. Mashati 60 ni matundu 420, yaani saa 7 za kazi isiyosimama, ndani ya siku ambayo ukiondoa saa moja ya chakula ina saa 8. Hata mafundi 12 wakishona mashati 90, yatakayotoka mlangoni ni yale tu aliyoyamaliza binti huyo, na yaliyosalia yatarundikana kando ya kiti chake. Uliniambia kwamba rundo hilo hukua tangu Jumatatu, na kila Jumamosi huwaita mafundi wote walitoboe kwa wembe na kulishona kwa mkono. Ningekuwa mimi, rundo hilo ndilo ningelisoma kabla ya kusoma saa ya ukutani.

Daftari lako lasema kwamba siku hiyo mashine ilisimama kwa dakika 200. Ondoa hizo katika dakika 480 za kazi, zinabaki 280, na 280 ukizigawa kwa vifungo 7 ni mashati 40 kamili. Yale mashati 20 unayoyatafuta kwa faini na kwa kazi ya usiku yalipotelea mchana mbele ya macho yako.

Yalipotelea wapi? Dakika 70 za kwanza zilikwenda asubuhi. Kila jioni mashati ambayo hayajatobolewa hufungiwa stoo pamoja na vitambaa, uzi na vifungo, kwa hofu ya wizi, na ufunguo wa stoo ni mmoja nao hukaa katika mkoba wako. Mafundi wanaingia saa mbili kamili kwa kuogopa faini, wengine wamevuka daraja kutoka Njeru alfajiri, na wanaoshona huendelea na vipande walivyoviacha juu ya cherehani. Binti wa matundu hana kitu cha kushika. Wewe huwapeleka watoto shuleni kwanza, ukafika saa tatu na dakika kumi. Dakika nyingine 55 zilipotea uzi ulipomwishia mara tatu, kwa kuwa kila mara ilibidi akutafute, na mara moja ulikuwa sokoni. Dakika 35 alihangaika na sindano iliyokuwa butu. Dakika 40 zilizobaki alizitumia kufumua matundu yaliyotobolewa mahali pasipo pake na kuyashona upya.

Hesabu mwenyewe: ufunguo peke yake ulichukua dakika 125. Sikuandikii haya ili kukuaibisha, maana mwenye mali ana haki ya kuilinda, na najua ilivyo kuibiwa na mtu uliyemwamini. Lakini mpangilio huu hakuna fundi hata mmoja aliyeuweka, na hakuna anayeweza kuuondoa ila wewe. Umemtoza fundi shilingi 2,000 kwa robo saa aliyochelewa, na shati aliloshona siku hiyo lingelala stoo vyovyote vile mpaka kesho yake.

Anza hivi. Mchague mmoja wa mafundi wako wa miaka mingi, umkabidhi ufunguo wa pili mbele ya wenzake, na umpe daftari la stoo: asubuhi anaandika kilichotoka, jioni mnahesabu pamoja kilichorudi, na nyote wawili mnatia sahihi. Mali inayohesabiwa kila jioni iko salama kuliko mali iliyofungiwa ambayo haijahesabiwa tangu mwezi uliopita. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kuondoka, binti awe na uzi wa siku nzima na mashati ya asubuhi tayari katika sanduku lake, na mashine iwe imesafishwa na kutiwa mafuta. Kwa yale matundu yanayokosewa, kata kipande cha kadibodi chenye urefu wa kifua cha shati, ukitoboe mahali 7, ili mkataji aweke alama kwa chaki kupitia humo. Kipande hicho hakina gharama yoyote, na yeyote atakayekishika ataweka alama pale pale. Halafu wakati wa chakula, fundi mmoja anayeiweza mashine hiyo atangulie kula, kisha ampokee binti ili naye akale, mashine isilale saa nzima. Ukiyafanya haya, utakaponunua mashine ya pili utakuwa umejua kwa hakika kwamba unaihitaji.

Sasa nizungumzie sindano, kwa sababu hapa ndipo barua yako iliponiuma. Binti alijua kwamba sindano ni butu, lakini hakusema, akaendelea kuvuta nyuzi za kitambaa hadi ikakataa kabisa, kwa kuwa sindano mpya maana yake ni faini. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na faini yako imewafundisha mafundi kuficha. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani usimamizi wa ubora kuanzia mwaka 1950, alisisitiza sana kwamba kiongozi aondoe hofu kazini, kwa kuwa mtu mwenye hofu hatoi habari za kweli, na kiongozi asiye na habari za kweli hawezi kurekebisha chochote. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida ana kamba au kitufe karibu naye. Akiona kasoro anaivuta kamba au kubonyeza kitufe, msimamizi anamjia mbio kumsaidia, na kasoro isipomalizika mara moja, safu nzima ya kazi husimama. Wewe huna haja ya kamba. Weka kikopo cha sindano mpya karibu na mashine, sindano butu zirudishwe katika kikopo kingine, na mwisho wa wiki uzihesabu ujue zinaisha kwa sababu gani.

Kuhusu kazi ya usiku: mafundi wako wanafanya saa 8 kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, na hizo tayari ni saa 48, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha wiki katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Saa za ziada hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na siku ya sikukuu ni mara mbili. Kwa hiyo dakika zilizomwagika mchana bure unazinunua tena usiku kwa bei ya juu, kutoka kwa watu waliochoka ambao kesho yake watakosea zaidi.

Wa kufukuzwa simwoni. Huenda yupo anayezembea, sikatai, lakini leo huwezi kumtambua, kwa sababu mpangilio wenyewe unawasimamisha wote sawa. Futa faini, uwaambie kwa kinywa chako kwa nini umezifuta, na daftari uwaonyeshe.

Je, haya si maneno ya semina tu?

Mwandishi, mimi ni mhasibu katika kampuni ya familia hapa Kampala. Kila mwaka mkurugenzi wetu hulipia semina ya uongozi katika hoteli, tunakula vizuri, tunarudi na vyeti, na mambo yanabaki yalivyo. Kuna ushahidi wowote kwamba usimamizi mzuri unaongeza tija, au kinachohitajika ni mtaji na umeme usiokatika?
*Msomaji, Kampala*

Ndugu msomaji, ushahidi upo, na miongoni mwa ushahidi ninaouheshimu kuliko mwingine ni ule wa viwanda vya nguo karibu na Mumbai nchini India. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake walichukua kampuni 17 zenye viwanda 28, na kwa kura wakachagua vile ambavyo wataalamu wangekaa navyo miezi kadhaa kuvisaidia kubadili mambo ya kila siku. Vingine vilifanyiwa uchunguzi tu, ili pawepo cha kulinganisha. Hawakuleta mashine mpya. Waliwafundisha kuandika kila mashine ilipoharibika na sababu yake, kupanga uzi stoo ujulikane ulipo na kiasi chake, kufagia njia za kupitia, na kukutana kwa muda mfupi kila siku kutazama kasoro za jana. Katika mwaka wa kwanza tija ilipanda kwa asilimia 17. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Utagundua kwamba mambo hayo hayafundishwi hotelini. Yanafanyika palipo na mashine, kila siku, na mtu fulani anayaandika. Semina ya siku mbili inaweza kumpa mtu hamu, nami siidharau, lakini hamu isiyopata daftari siku ya Jumatatu huisha kabla ya wiki kwisha.

Kuna jambo jingine walilolikuta huko India ambalo kampuni yenu ya familia inapaswa kulitafakari. Ukuaji wa kampuni hizo ulitegemea sana idadi ya wanaume wa familia wanaoweza kupewa madaraka, kwa kuwa wenye mali hawakumwamini mtu asiye ndugu yao. Meneja mwenye uwezo alikuwepo, lakini hakuruhusiwa kuamua lolote zito. Taratibu za kuandika na kuhesabu zilipokaa sawa, wamiliki waliweza kuwaachia mameneja maamuzi zaidi, kwa sababu sasa walikuwa na njia ya kujua kilichotendeka. Rudi kwenye barua ya mama wa Jinja, utaona ni ufunguo ule ule.

Mtaji na umeme ni muhimu, hapo sina ubishi nawe. Ila umeme unapokatika kampuni zote za mtaa zinakosa umeme, na bado moja humaliza agizo lake na nyingine hailimalizi. Muulize mkurugenzi: umeme ukikatika saa tano, kila mtu anajua afanye kazi gani isiyohitaji umeme, au wote hukaa wakisubiri kuambiwa?

Nilifukuzwa kwa barua nisiyoweza kuisoma

Mimi ni mpakiaji katika ghala moja hapa Arua, nimefanya kazi hapo miaka mitatu. Wiki mbili zilizopita nilipewa barua ya Kiingereza, mwanangu akanisomea kwamba nimeachishwa kazi kwa utendaji duni. Hakuna aliyewahi kuniita kuniambia kosa langu. Nifanye nini?
*Mpakiaji, Arua*

Pole sana, ndugu yangu. Jibu lako naliweka wazi kwa sababu siku zinahesabika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa utendaji duni, amweleze sababu hiyo kwa lugha anayotarajiwa kuielewa, amsikilize, na amruhusu kuwa na mtu mwingine aliyemchagua yeye mwenyewe awepo hapo. Mwajiri asiyetoa nafasi hiyo anawajibika kulipa mshahara wa wiki 4, hata kama sababu ya kumfukuza ilikuwa ya haki. Peleka malalamiko yako kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3 tangu siku uliyofukuzwa. Chukua barua hiyo na chochote kinachoonyesha kwamba ulikuwa ukilipwa.

Kwa waajiri wanaosoma hapa nina neno juu ya lugha. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kianze kutumika hivyo. Ghalani anaweza kuwepo Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na aliyevuka mpaka kutoka Kongo, na lugha inayowaunganisha wote ni hiyo. Msimamizi akitoa maagizo kwa Kiingereza, watu huitikia kwa vichwa na kwenda kufanya walichokisia. Nimeona gunia likipangwa upande usio wake kwa sababu hiyo tu, na mpakiaji akalaumiwa kwamba ni mzito wa kuelewa. Mtu ambaye hukuwahi kumweleza, kwa lugha yake, kazi nzuri inafananaje, huwezi kusema kwamba ameshindwa kuifanya.

Waliokuwa wenzangu sasa hawanisikii

Nilianza kama mbeba magunia katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Masaka, nikasoma jioni, na sasa nimepewa usimamizi. Kuna mzee mmoja mwenye miaka zaidi ya ishirini kiwandani, yeye hupokea kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kwa kuitikisa mkononi asikie inavyolia, na amekataa kutumia kipima unyevu. Mwezi uliopita tulikoboa kahawa isiyokauka vizuri, punje zikapondeka sana. Nilimfokea mbele ya wote. Tangu siku hiyo kazi imepungua kasi, kila mtu ananiitikia "ndiyo bosi" na hakuna linalofanyika. Nifanye nini ili waniheshimu?
*Msimamizi kijana, Masaka*

Mdogo wangu, nami niliwahi kumfokea mtu aliyelingana na baba yangu, katika siku zangu za kwanza za usimamizi, na najua ule ukimya unaofuata. Watu hawakusimama upande wa mzee kwa sababu alikuwa sahihi juu ya kahawa. Walisimama naye kwa sababu kila mmoja alijiona yeye mahali pale, akiwa na mvi, akifokewa na kijana. "Ndiyo bosi" wanayokuitikia ni mgomo wa watu wasiotaka kupoteza kazi.

Ulimkosea hadharani, kwa hiyo msamaha nao uombwe hadharani. Nenda kwanza kwa mzee peke yake, ukae chini, umwambie kwamba hoja yako ilikuwa ya haki ila namna uliyoitoa haikuwa ya adabu, na umwombe ruhusa ya kuyasema hayo hayo mbele ya wenzake. Usiongeze "lakini" yoyote. Baada ya hapo usipunguze hata kidogo ukali wa kipimo chenyewe: kahawa yenye unyevu uliopita asilimia 13 isiingie mashineni, awe ameileta nani. Heshima kwa mtu na ukali juu ya kazi havigombani, ingawa vijana wengi tukipewa cheo hudhani lazima tuchague kimoja.

Tena usiuite utaalamu wake ushamba. Mkono uliotikisa kiboko kwa miaka ishirini unajua mambo ambayo kipimo hakijui: gunia lililokauka juu na kulowa chini, kahawa iliyoanikwa juu ya udongo mtupu, mfanyabiashara aliyeinyunyizia maji jioni ili iongezeke uzito. Kinachomshinda ni kwamba mkono hauandiki namba, na msimu ukipamba moto malori yanafuatana mpaka usiku, mkono huchoka.

Basi kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, chukua magunia 10 yaliyopokelewa jana. Mwombe atikise kwanza na aseme kila gunia analionaje, nawe uandike. Kisha umkabidhi kipima unyevu yeye mwenyewe, si karani, asome namba kwa sauti, nawe uandike pembeni. Yale mliyokubaliana yatampa furaha. Yale mliyotofautiana fungueni magunia pamoja, mwingize mkono mpaka chini, na umwache yeye awaeleze vijana wengine alichokikuta.